Mtafiti wa Ridhaa na Jenomu ya Bakteria: Herufi Husema Nini, na Hunyamazia Nini?

Mwezi wa Mei mwaka 2011, hospitali za Hamburg na miji mingine ya kaskazini mwa Ujerumani zilianza kupokea wagonjwa wenye kuhara damu, ambao baada ya siku chache figo zao zilishindwa kufanya kazi. Kwa kawaida ugonjwa wa aina hiyo huwapata zaidi watoto wadogo. Safari hii wengi walikuwa watu wazima, na hasa wanawake. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, mwishoni mwa Julai, zaidi ya watu 3,800 walikuwa wameugua nchini humo. Zaidi ya 800 kati yao walipata madhara ya figo, na zaidi ya 50 walifariki dunia.

Katikati ya mlipuko huo lilitokea jambo lililobadilisha namna ya kuchunguza magonjwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Hamburg ilishirikiana na taasisi ya BGI ya Shenzhen, nchini China, kusoma jenomu ya bakteria aliyehusika. Tarehe 2 Juni matokeo ghafi yaliwekwa kwenye intaneti bila masharti ya umiliki, ili yeyote ayatumie. Katika muda wa saa 24 watafiti waliojitolea, akiwamo Nick Loman wa Birmingham, Uingereza, walikuwa wamekwisha kuviunganisha vipande vya jenomu hiyo. Katika juma lililofuata, watu wa mabara mbalimbali, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake, walichapisha ripoti zipatazo ishirini na nne. Wengi wao walikuwa wanasayansi kwa taaluma, lakini hakuna aliyewaagiza kazi ile.

Tangu wakati huo vifaa vya kusoma jenomu vimekuwa vidogo, na gharama zimeshuka. Mwaka 2015 watafiti walisafiri hadi Guinea wakiwa na mashine za aina ya MinION, ambazo kila moja ina uzito usiofika gramu 100, wakasoma jenomu za virusi vya Ebola kutoka katika sampuli 142. Leo hii mtu asiyeajiriwa na maabara yoyote anaweza kununua kifaa cha namna hiyo, au kupeleka vinasaba vya bakteria kwa kampuni na kurudishiwa faili lenye mamilioni ya herufi. Katika baadhi ya nchi kumefunguliwa hata maabara za jamii, kama ile ya Genspace ya Brooklyn, New York, iliyoanza mwaka 2010, ambamo mwalimu, mhandisi au mstaafu hujifunza kazi za baiolojia kwa usimamizi. Kama ilivyo katika michezo, watu hawa wanaweza kuitwa watafiti wa ridhaa: wanaifanya kazi kwa kuipenda, si kwa mshahara.

Swali linalowahusu wagonjwa na wahudumu wa afya ni hili: je, matokeo yanayotoka katika mikono ya mtafiti wa ridhaa yanaweza kuongoza matibabu? Mlipuko wa Ujerumani unatoa jibu, ilimradi kisa chake kisomwe chote.

Jenomu ni nini, na husomwaje?

Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kiumbe. Maelekezo hayo yameandikwa katika vinasaba, yaani DNA, kwa kemikali nne zinazowakilishwa na herufi A, C, G na T. Bakteria aina ya Escherichia coli, ambaye kwa kawaida huishi katika utumbo wa binadamu bila kumdhuru, ana herufi zipatazo milioni 4.6, na ndani yake mna jeni zipatazo 4,300. Kama herufi hizo zingechapwa, 2,000 kwa kila ukurasa, kitabu chake kingekuwa na kurasa 2,300. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye jenomu yake ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ana herufi zipatazo milioni 4.4.

Usomaji hupitia hatua kadhaa. Kwanza, bakteria huoteshwa kwenye chakula chao ndani ya kisahani, na kundi lililotokana na bakteria mmoja hutengwa na mengine. Pili, kuta za bakteria huvunjwa kwa kemikali ili vinasaba vitoke, kisha vinasaba hivyo husafishwa. Tatu, huongezewa vipande maalumu kwenye ncha zake ili mashine iweze kuvipokea. Nne, mashine husoma. Katika zile mashine ndogo zilizopelekwa Guinea, uzi wa DNA hupitishwa katika tundu dogo mno la protini huku mkondo wa umeme ukipita humo. Kila kundi la herufi huubadilisha mkondo huo kwa namna yake, na kompyuta huyatafsiri mabadiliko hayo kuwa herufi.

Mashine haitoi kitabu kizima. Hutoa maelfu ya vipande, kana kwamba nakala nyingi za kitabu kimoja zimechanwachanwa na kuchanganywa katika kapu moja. Hatua ya tano, basi, ni ya kompyuta: kutafuta vipande ambavyo mwisho wa kimoja unafanana na mwanzo wa kingine, na kuviunganisha. Hatua ya sita ni kuilinganisha jenomu iliyopatikana na zile zilizohifadhiwa katika hazina za umma za Marekani, Ulaya na Japani, ambazo hubadilishana kumbukumbu na ziko wazi kwa wote bila malipo. Hatua hizi mbili za mwisho ndizo zilizofanywa na watu wa kujitolea mwaka 2011. Ndizo pia zinazomfaa zaidi mtafiti wa ridhaa, kwa kuwa hazimlazimu kugusa kijidudu chochote kilicho hai.

Matokeo yao yalikuwa na thamani kubwa. Ilidhihirika kwamba bakteria yule, wa aina iitwayo O104:H4, alikuwa na mchanganyiko wa sifa usio wa kawaida. Asili yake ilikuwa E. coli wa kundi linalong'ang'ania ukuta wa utumbo. Juu ya hayo alikuwa amepata, kupitia virusi vinavyoshambulia bakteria, jeni ya kutengeneza sumu ya Shiga. Sumu hiyo huharibu mishipa midogo ya damu, hasa ile ya figo. Alibeba pia jeni za usugu dhidi ya dawa nyingi za jamii ya penisilini na sefalosporini. Kwa herufi hizo ilikuwa rahisi kutengeneza vipimo vya kumtambua bakteria huyo huyo na kumtofautisha na jamaa zake.

Mfanyabiashara wa Delft na daktari wa wilaya

Utafiti wa vijidudu ulianzishwa na mtu wa ridhaa. Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa Delft, Uholanzi, mwaka 1632, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya wasomi. Alijitengenezea lenzi ndogo, na mwezi wa Oktoba 1676 aliiandikia Royal Society ya London barua ndefu akieleza wanyama wadogo wasioonekana kwa macho aliowakuta katika maji. Wasomi hawakumwamini mara moja. Alitafuta mashahidi, wakiwamo viongozi wa dini, waliotazama na kuthibitisha kwa maandishi. Na mwezi wa Novemba 1677 Robert Hooke alifaulu kurudia uchunguzi ule mbele ya wanachama wa jumuiya hiyo. Ni baada ya jicho la pili kuona ndipo habari ya mtu wa Delft ilipokuwa maarifa ya wote.

Mwaka 1681 Leeuwenhoek aliharisha, akachunguza choo chake mwenyewe kwa hadubini, na kuona humo viumbe vinavyotembea. Kutokana na maelezo yake, wataalamu wa leo wanaamini kwamba aliona kimelea cha Giardia. Hata hivyo hakuwa na njia ya kujua kama viumbe vile ndivyo vilivyomharisha au ni wapita njia tu.

Pengo hilo lilizibwa karibu miaka 200 baadaye. Robert Koch alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ambao leo uko Poland. Nyumbani kwake, baada ya saa za kuhudumia wagonjwa, alichunguza ugonjwa wa kimeta. Hakutosheka na kuwaona bakteria katika damu ya wanyama waliokufa. Aliwaotesha nje ya mwili, akawaambukiza panya, panya wakaugua ugonjwa ule ule, naye akawapata tena bakteria wale wale. Mwaka 1876 alisafiri na vifaa vyake hadi Breslau na kuurudia uchunguzi wote mbele ya Profesa Ferdinand Cohn na wenzake.

Watu hawa wawili hawakuwa na vyeo vikubwa wala maabara za serikali walipoanza. Kazi zao zilikubaliwa kwa sababu waliziweka mbele ya watu walioweza kuzikagua na kuzirudia. Kipimo hicho hakijabadilika, iwe chombo ni lenzi au mashine ya kusoma jenomu.

Matango yasiyo na hatia

Kuona kijidudu si sawa na kujua kinachomuumiza mgonjwa. Mlipuko wa Ujerumani ulilionesha jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 26 Mei 2011, mamlaka za Hamburg zilitangaza kwamba E. coli wenye uwezo wa kutoa sumu wamepatikana kwenye matango kutoka Hispania. Tangazo hilo halikuwa la uongo: bakteria walikuwapo. Lakini vipimo vya kina vilivyofuata vilionesha kwamba hawakuwa wa aina ya O104 iliyokuwa ikiwaua watu. Wakati huo walaji walikwisha kuyaacha matango, nyanya na saladi, na mazao yalikuwa yakitupwa. Umoja wa Ulaya ulitenga zaidi ya euro milioni 200 kuwafidia wakulima.

Chanzo cha kweli hakikupatikana kwa kusoma jenomu. Kilipatikana kwa kuuliza. Wachunguzi wa magonjwa ya mlipuko walivichunguza vikundi vya watu waliokula katika mkahawa mmoja, wakapitia oda zao na kumwuliza mpishi kila sahani huwekwa nini. Walikuta kwamba waliokula machipukizi mabichi walikuwa katika hatari kubwa mara nyingi kuliko wenzao. Tarehe 10 Juni mamlaka ziliyataja machipukizi kuwa chanzo, na ufuatiliaji wa mizigo ukaelekea kwenye shehena ya mbegu za uwatu kutoka Misri.

Uwatu unajulikana sana katika majiko ya pwani ya Afrika Mashariki, na mbegu zake hazina sumu hiyo kwa asili yake. Hatari ilitokana na namna ya kuzitayarisha: mbegu zenye bakteria wachache, zikiloweshwa na kuachwa zichipue mahali penye joto na unyevu, huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana, na machipukizi yakiliwa mabichi hakuna moto wa kuwaua.

Kisa hiki, basi, kina pande mbili. Jenomu ilieleza adui ni nani, ana silaha gani, na nani si yeye. Haikueleza alikotoka wala alivyofika mezani. Majibu hayo yalitokana na mazungumzo na wagonjwa. Mtafiti wa ridhaa mwenye faili la herufi bila historia ya mgonjwa anayo nusu ya kwanza tu.

Herufi zisizo za mgonjwa

Udhaifu mwingine hutokana na wepesi wa vinasaba kuhama. Ujerumani hiyo hiyo, kwa miaka mingi, polisi walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikuwa vimepatikana katika matukio ya uhalifu yapatayo 40, likiwamo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 iligundulika kwamba mhalifu huyo hakuwapo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi aliyeshughulika na vijiti vya pamba ambavyo polisi walivitumia kuchukulia sampuli. Pamba zilikuwa zimetakaswa, lakini utakasaji huua vijidudu. Haufuti herufi za vinasaba.

Katika utafiti wa vijidudu tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa maji, kemikali na hata vifungashio vya maabara huwa na mabaki ya DNA ya bakteria. Kadiri sampuli inavyokuwa na vijidudu vichache, ndivyo mabaki hayo yanavyoonekana mengi. Ndiyo maana mtafiti makini hupitisha pia sampuli tupu, yaani maji safi yasiyowekwa kitu, katika hatua zote zile zile. Kijidudu kitakachoonekana katika sampuli tupu hakiwezi kuhesabiwa kuwa cha mgonjwa.

Hata wataalamu hukosea katika kutafsiri. Mwaka 2015 utafiti wa vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York ulichapishwa ukieleza kwamba vimepatikana vipande vya DNA vinavyofanana na vya bakteria wa tauni na wa kimeta. Mamlaka ya afya ya jiji ilipinga tafsiri hiyo, na watafiti wenyewe wakaisahihisha makala yao: ushahidi haukutosha kusema kwamba bakteria hao walikuwapo. Bakteria wengi wasio na madhara ni ndugu wa karibu wa bakteria hatari, na wana kurasa nyingi zinazofanana. Kipande kifupi cha herufi hakiwezi kuwatenganisha.

Kuna pia suala la uhai. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyetibiwa vizuri anaweza kuendelea kukohoa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, na DNA yao ikaonekana katika kipimo. Ndiyo sababu kipimo cha GeneXpert, kinachotambua DNA ya bakteria wa kifua kikuu, hakitumiwi kufuatilia kama dawa zinafanya kazi. Kwa shughuli hiyo hutumika hadubini na kuotesha makohozi. Herufi hubaki baada ya mwenyewe kufa.

Kitabu kinahitaji kamusi

Wahudumu wengi wa afya wa Afrika Mashariki wanaitumia GeneXpert kila siku, na kwa hiyo wako karibu na sayansi hii kuliko wanavyodhani. Mashine hiyo haisomi jenomu nzima. Hukagua sehemu ndogo ya jeni iitwayo rpoB, yenye herufi 81 tu, ambamo mabadiliko mengi ya usugu dhidi ya rifampisini hutokea. Jibu hupatikana kwa takriban saa mbili. Linaaminika kwa sababu maana ya mabadiliko katika herufi hizo imechunguzwa kwa miaka mingi.

Sehemu nyingine za jenomu hazijulikani kiasi hicho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mabadiliko ya herufi za bakteria wa kifua kikuu na uhusiano wake na usugu wa dawa mbalimbali. Ili kuiandaa, ilibidi kulinganisha jenomu na matokeo ya kuotesha kwa bakteria zaidi ya 38,000 kutoka nchi zaidi ya 40. Pamoja na ukubwa wa kazi hiyo, yapo mabadiliko ambayo orodha yenyewe inasema maana yake haijathibitika. Programu ya kompyuta inayomwambia mtafiti wa ridhaa kwamba bakteria wake ana jeni ya usugu inatumia kamusi ya namna hiyo, na huenda neno hilo halijaeleweka vizuri. Jeni inaweza kuwapo na isifanye kazi. Usugu unaweza kuwapo kwa njia ambayo kamusi haijaiandika. Ndiyo maana kuotesha bakteria mbele ya dawa na kutazama kama atakufa bado ni kipimo muhimu.

Kazi inayomfaa mtafiti wa ridhaa

Mipaka hii haimfungii mlango mtafiti wa ridhaa. Inamwonesha mlango ulipo. Vijidudu vya vyakula vilivyochachushwa, kama maziwa ya mgando, togwa na chachu ya mkate, ni shamba pana lisilo na hatari kubwa, na vingi havijachunguzwa ipasavyo. Uchambuzi wa jenomu zilizokwisha wekwa katika hazina za umma unahitaji kompyuta, intaneti na uvumilivu. Nchini Uingereza mradi wa Swab and Send, wa Chuo cha Liverpool cha Tiba za Nchi za Joto, huwapa wananchi vijiti vya kuchukulia sampuli mahali wanapopachagua. Kazi ya kuotesha na kutafuta vijidudu vinavyotoa kemikali za kuua bakteria hubaki kwa maabara. Kila upande hufanya unaloliweza kwa usalama.

Kisichofaa kabisa ni kuotesha nyumbani sampuli za mgonjwa: choo, usaha, makohozi, mkojo au damu. Katika mazingira mazuri E. coli hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili baada ya saa saba. Kisahani kilichoachwa usiku mmoja juu ya meza ya jikoni kinaweza kuwa na vijidudu vingi kuliko vile vilivyomfanya mgonjwa augue, na jokofu lenye chakula cha watoto si mahali pa kukihifadhi. Katika maabara, visahani hivyo hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 za Selsiasi na kwa muda usiopungua dakika 15, kabla ya kutupwa; havimwagwi katika sinki wala jalalani.

Kuna pia haki ya mgonjwa. Sampuli ya mwili hubeba vinasaba vya mwenyewe pamoja na vya vijidudu. Atakayeisoma na kuiweka kwenye intaneti anaweza kuwa ameanika siri ya mtu na ya ukoo wake. Utafiti wowote unaohusu binadamu huhitaji ridhaa ya mhusika na kibali cha maadili, hata kama mtafiti ni ndugu na nia yake ni njema.

Mgonjwa na mhudumu wa afya wafanye nini?

Mgonjwa anayeletewa faili la jenomu, au ripoti ya vijidudu vya utumbo iliyonunuliwa kwa kampuni, asiache dawa alizoandikiwa wala asiende duka la dawa kununua antibiotiki kwa sababu ya orodha ya majina aliyoiona humo. Utumbo wa mtu mzima wa afya umejaa mamia ya aina za bakteria, na baadhi yao wana majina yanayotisha. Aipeleke ripoti hiyo kituo cha afya, na aeleze dalili zake kwanza. Mwenye kuhara damu, kukojoa kidogo, kuvimba uso au kuchoka kupita kiasi aende kituoni siku hiyo hiyo, huku akiendelea kunywa maji yenye chumvi chumvi za kurudisha maji mwilini. Kwa E. coli anayetoa sumu ya Shiga, matumizi ya antibiotiki kwa kawaida hayashauriwi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zinaweza kuongeza sumu inayotolewa. Uamuzi huo ni wa tabibu aliyemwona mgonjwa.

Mhudumu wa afya naye asiidharau ripoti wala asiifanye kuwa hukumu. Yapo maswali manne ya kuuliza. Sampuli ilichukuliwa wapi, lini, na kwa chombo gani? Je, sampuli tupu ilipitishwa katika hatua zile zile? Bakteria aliota akiwa hai, au ni herufi zake tu zilizoonekana? Kuna maabara nyingine iliyopata jibu hilo hilo? Majibu yakikosekana, ripoti ibaki kuwa fununu. Ikiwa fununu hiyo inaafikiana na dalili za mgonjwa, sampuli mpya ichukuliwe na kupelekwa maabara inayotambulika. Ikiwa inaashiria ugonjwa wa mlipuko, taarifa itolewe kwa mganga mkuu wa wilaya bila kusubiri uhakika kamili, lakini bila kuitangaza mitaani; matango ya Hispania yanatosha kuwa funzo.

Watu waliokesha mbele ya kompyuta zao mwezi wa Juni 2011 hawakumtibu mgonjwa hata mmoja kwa mikono yao. Walisoma walichopewa, wakaonesha hadharani jinsi walivyokisoma, na wenzao wakawasahihisha walipokosea. Wakati huo huo wauguzi wa Hamburg walikuwa wakiwasafisha damu wagonjwa kwa mashine, na wachunguzi walikuwa wakimwuliza mpishi habari za saladi. Jenomu ilikuwa na faida kwa sababu kazi hizo nyingine hazikusimama.